Sura za Wafalme na Watu wa Pembeni

Safari nitakayokusimulia, ndugu msomaji, haikuwa ya matembezi. Mama yangu mzazi alifikwa na maradhi ya macho, nasi wanawe tulishauriana tukaona tumpeleke Bangkok, kama wafanyavyo jamaa wengi wa hapa Oman, ambao huko wameshapazoea kiasi cha kujua ni mtaa gani wenye migahawa ya nyama halali na ni saa gani foleni za magari hupungua. Daktari alimfanyia operesheni ya jicho la kulia, akamfunga bendeji, akatuambia tusubiri siku kadhaa. Jicho la kushoto alisema wazi kwamba lilikuwa limeshachelewa.

Siku za kungojea ni ndefu. Asubuhi moja dada yangu alibaki na mama, nami nikatoka kunyoosha miguu upande wa mjini walikokuwa wakikaa wafalme. Karibu na kuta za kasri nilikuta hekalu dogo la Kibuddha liitwalo Wat Ratchapradit, lililojengwa mwaka 1864 kwa amri ya Mfalme Mongkut. Sikwenda kwa ibada bali kwa kutazama. Nilivua viatu mlangoni, kama tuvuavyo sisi misikitini, nikaingia.

Ndani, kuta zote nne zimechorwa. Si michoro ya maua peke yake, bali ni tarehe ya nchi iliyoandikwa kwa rangi. Zimo sherehe za kifalme za miezi kumi na miwili ya mwaka, misafara, majumba ya paa zilizochongoka, na watu wengi mno kuhesabika. Na yumo Mfalme Mongkut mwenyewe katika tukio la kupatwa kwa jua. Tukio hilo ni la kweli. Mfalme huyo alikuwa mpenzi wa elimu ya nyota, akapiga hesabu kwa mkono wake akajua kwamba tarehe 18 Agosti 1868 jua litapatwa lote, na akajua mahali ambapo lingeonekana vizuri. Alisafiri na watu wake hadi pwani ya kusini, pahala paitwapo Wa Ko, akawaalika wataalamu wa Kifaransa na Gavana wa Kiingereza wa Singapore. Hesabu yake ikasibu. Lakini mahali pale palikuwa na mbu, naye akarudi na malaria, akafariki tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo. Michoro ile ilitiwa ukutani katika enzi ya mwanawe, Mfalme Chulalongkorn.

Nilisimama mbele ya ukuta ule nikifikiri habari za kwetu. Kupatwa huko kwa jua kulionekana Aden kabla ya kufika Siam. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya Sayyid Majid bin Said, aliyekuwa ameshaanza kuujenga mji wa Dar es Salaam. Jua lilikuwa moja, na bahari ni moja. Ila wenzetu wa Siam waliliweka tukio lile ukutani, na mtoto wa leo akiingia hekaluni humwona babu yake mfalme akitazama juu.

Hata hivyo si mfalme aliyenishika macho zaidi. Katika michoro ya mahekalu ya nchi ile wachoraji wana desturi yao: wafalme, malaika na majumba huwekwa mahali pa heshima, na pembezoni, aghalabu chini kabisa karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi, huchorwa watu wa kawaida. Utamwona mchuuzi na mizigo yake, watoto wanaocheza, mpiga kasia, mwanamke anayemkaripia mumewe. Hawa hawamo katika kisa; wamechorwa kwa kuwa walikuwapo. Nilielezwa kwamba wenyewe wana jina la sehemu hiyo ya mchoro, nalo maana yake ni makapi, yale yanayobaki kitu kikishakamuliwa. Neno hilo hilo hulitumia pia kwa kile kinachobaki nazi ikishatolewa tui. Kwa Kiswahili chetu, basi, zile ni picha za machicha.

Jioni nilimsimulia mama. Alikuwa amelala chali na bendeji yake, akacheka.

"Basi, mwanangu," akasema, "baba yangu naye yumo kwenye machicha. Nikifunguliwa macho nikumbushe."

Nilijua anasema picha gani.

*

Msomaji wa Mabela hahitaji kuelezwa habari ya sura za wafalme. Ukiingia benki, shuleni, au katika duka la vipuri vya magari kule eneo la viwanda, utaikuta sura ya Sultan Haitham bin Tarik, na pengi ubavuni mwake imo bado ya marehemu Sultan Qaboos, aliyetawala tangu 1970 hadi Januari 2020. Lakini ukikaribishwa ndani katika nyumba za wenzetu waliotoka Unguja na Pemba, huenda ukaona na sura ya tatu: mzee mwenye ndevu nyeupe, kilemba na joho. Huyo ni Sayyid Khalifa bin Harub, aliyezaliwa Maskati mwaka 1879, akachukuliwa Unguja angali kijana, akatawala huko kuanzia 1911 hadi alipofariki mwaka 1960. Vijana wetu humwona kila siku wasimjue. Mmoja wa wanangu aliwahi kunijibu kwamba huyo bila shaka ni babu yake mzaa baba.

Picha yetu sisi ni ya namna nyingine. Si ya studio. Ilipigwa Wete, Pemba, katika miaka ya 1950, siku Sayyid Khalifa alipopita mjini. Yeye ameketi kitini katikati, karibu naye Mzungu mmoja mwenye kofia nyeupe, na kushoto na kulia wamesimama watu. Kwa jumla ni watu kumi na wanne, ukimhesabu na mtoto aliyekatwa nusu ukingoni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, sura za masultani ziliposhushwa kutoka kuta za ofisi na kasri la Unguja likaitwa Kasri la Watu, bibi yangu aliitoa picha ile katika fremu, akaiweka chini ya kanga ndani ya sanduku la njumu. Ndani ya sanduku hilo ndimo ilimovuka bahari katika miaka ya 1970, na ndimo ilimokaa hapa Mabela, kwa sababu waliokuja waliizoea kuificha hata pale palipokuwa hapana tena wa kufichwa.

*

Tuliporudi Oman, macho ya mama yakihitaji mapumziko, tulingoja baridi iingie. Ijumaa moja ya mwezi wa Desemba tukatia chapati, sambusa na chupa za chai ndani ya magari mawili, tukashika njia ya Nizwa kupitia bonde la Sumail. Nilitaka watoto waione ngome ya Jabrin, karibu na Bahla, ambayo kutoka kwetu ni mwendo wa kama saa mbili, ili walinganishe na picha za Bangkok nilizowaonyesha katika simu.

Jabrin ilijengwa na Imam Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Yaaruba katika karne ya 17. Kwa nje ni ngome kavu kama ngome nyingine. Ukipanda ngazi zake nyembamba ukainua kichwa, ndipo utakapoona dari. Mbao zimechorwa maua, majani na nyota kwa rangi nyekundu, nyeusi na ya dhahabu iliyofifia, na kando yake maandishi ya Kiarabu yaliyotiwa kwa mkono mwembamba. Kipo chumba kinachoitwa cha Jua na Mwezi, chenye madirisha kumi na manne, saba chini na saba juu, ili hewa baridi iingie chini na hewa ya joto itoke juu. Hakuna kiyoyozi, na hali ya hewa humo ni njema kuliko ya sebuleni kwetu. Juu walikuwapo wanafunzi, kwani Imam alipenda elimu, akaifanya nyumba yake kuwa chuo.

Watoto walitafuta sura ya mfalme kila pembe. Haimo. Hakuna uso wa mtu hata mmoja katika dari zile, si wa Imam wala wa mwingine. Msanii alipewa nafasi yote ya kumsifu mwenye nyumba, naye akachora maua.

Mama hakuweza kupanda ngazi. Tulimkuta chini, katika chumba chenye matao ambamo Imam Bil'arab amezikwa, karibu na mfereji wa falaji upitao ndani ya ngome. Ameketi kimya. Nikawaeleza watoto hapo hapo kwamba Imam huyu aligombana na nduguye, Saif bin Sultan, hata nduguye akamzingira ndani ya nyumba hii aliyoipamba. Wasimulizi wa historia husema kwamba aliomba mauti akayapata, na ilikuwa mwaka 1692. Ndugu aliyeshinda ndiye yule ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu 1696, yakaitwaa kutoka kwa Wareno mwezi Desemba 1698. Kwa hivyo anayetaka kujua kwa nini bibi yake alizaliwa Pemba na si Bahla, sehemu ya jibu imo katika ugomvi wa ndugu wawili uliokwisha chini ya dari ile yenye maua.

Na Mombasa nako kuna ukuta. Mwaka 1967, wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa wakifanya kazi ndani ya Ngome ya Yesu chini ya James Kirkman waliufunua ukuta wenye michoro iliyofanywa na Wareno kabla ya kushindwa kwao. Haikufanywa na fundi wa mfalme. Ni michoro ya askari na mabaharia waliokuwa mbali na kwao, waliochora walichokijua na walichokitamani: merikebu nyingi, samaki, watu. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Huo nao ni ukuta wa machicha mtupu, usio na mfalme katikati.

Ukweli ni kwamba kuta hazina ahadi. Zile sura za masultani zilizoshushwa Unguja mwaka 1964 zilirudi ukutani mwaka 1994, kasri lilipofanywa makumbusho, na wageni wakawa wakilipa kiingilio wazitazame, pamoja na chumba cha Sayyida Salme, binti ya Sayyid Said, aliyekwenda Ujerumani akaandika kumbukumbu zake mwaka 1886. Lakini jirani yake, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Uso wa Ahmad bin Naaman, mjumbe aliyefika New York mwaka 1840 kwa merikebu ya Sultana iliyotokea Unguja, tunaujua kwa sababu mchoraji wa huko, Edward Mooney, alimchora. Na picha yake iko Salem, Marekani, mbali na watu wake. Hifadhi ya mfalme na ya mjumbe wake hupatikana popote. Hifadhi ya mtu wa pembeni iko nyumbani, ndani ya sanduku, na katika kichwa cha mzee mmoja.

*

Usiku tuliorudi kutoka Jabrin, mama aliitisha picha. Tukaitandaza juu ya meza chini ya taa, tukampa kioo cha kukuzia maandishi. Akaisogeza kwenye jicho lake zima, akaanza kutoka kushoto.

Baba yake ndiye yule aliyeshika buli la kahawa na vikombe, nusu amegeuka, kama mtu aliyeitwa wakati picha inapigwa. Mwanamke mwenye pakacha la karafuu ni jirani. Mwenye koti ni mwalimu. Yule kijana mwenye meno ya mbele yaliyoachana alikuwa kuli wa bandarini. Dada yangu aliandika kila jina katika daftari. Kisha mama akafika kwa mzee mmoja aliyesimama nyuma ya kiti cha Sultani, miguu mitupu, ameshika mwavuli. Akanyamaza.

"Huyu alinifunza kuogelea," akasema baadaye. "Nilimwita babu."

Tukamwuliza jina. Akalitaja la kwanza. Tukamwuliza jina la baba yake, akasema halijui. Kwa watu, mzee yule aliitwa kwa jina lake na kufuatiwa na jina la babu yake mama. Hapo mjomba, aliyekuwa amekaa nasi, akaweka kikombe chini. Sote tuliokuwa watu wazima tulifahamu. Mzee yule alizaliwa mtumwa katika shamba la jamaa zetu, kabla ya tangazo la Sayyid Hamoud bin Mohammed la mwaka 1897 lililofuta hukumu ya utumwa Unguja na Pemba. Akabaki pale pale, akapanda mikarafuu ile ile, akalea watoto wa wenye shamba.

Mjomba alisema kwa upole kwamba mambo hayo yamepita, na kwamba kuyaandika ni kuwaaibisha wao na kutuaibisha sisi. Liandikwe jina la kwanza, yatosha.

Mama akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye picha. "Nilimwita babu, na kweli nilimpenda. Lakini hakuwahi kula nasi kwenye sinia moja. Wewe wakumbuka?"

Mjomba hakujibu. Ninayaeleza haya si kwa kumlaumu. Ni mtu aliyetulea, na shaka yake ni shaka ya wengi wetu. Tumezoea kuwasimulia watoto habari za masultani, majumba na karafuu, na ni habari za kweli. Ila karafuu hazikujichuma. Tukiwapa tui peke yake, machicha tukatupa, siku moja watasoma penginepo, na watatuuliza kwa nini tulinyamaza.

Kesho yake mama mwenyewe alinituma nitafute. Kwa njia ya jamaa wa Wete, na baada ya simu nyingi, nilimpata mjukuu wa mzee yule, mtu mzima mwenye wajukuu wake. Nilijitambulisha kwa haya, nikamweleza tulichonacho na tusichokijua. Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia jina la baba wa babu yake, na la babu wa babu yake, bila kufikiri, kama asomaye. Walikuwa nalo siku zote. Sisi ndio tuliokuwa hatuna.

Kisha akauliza swali lake. Je, uso unaonekana? Kwani katika ukoo wao mzima hapakuwa na picha ya mzee yule hata moja, na walio hai wote walizaliwa baada yake. Nilimpelekea nakala siku ile ile. Alinijibu usiku kwamba wameitazama nyumba nzima, na kwamba binti yake mdogo ana paji lile lile la uso.

Jina kamili tumeliandika nyuma ya picha. Tumeandika pia, kwa ridhaa ya pande zote mbili, kwamba alizaliwa utumwani na alifunza watoto kuogelea. Sitalitaja hapa, kwa kuwa ni amana ya wenyewe.

*

Ndugu msomaji, Bangkok ni mbali na Jabrin si wote watafika, lakini sanduku lipo karibu kila nyumba ya mtaa huu. Nakusihi ulifungue wakati mzee wako angali anaona. Mpe mwanga wa kutosha na usimharakishe. Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na mji na mwaka hata kama ni wa kukisia, na useme kwamba ni wa kukisia. Tumia penseli laini upande wa nyuma, karibu na ukingo, wala usikandamize. Wino wa kalamu hupenya. Toa nakala, umpe kila ndugu yake moja, na picha ya asili usiitundike palipo na jua au chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Na usiishie kwa aliyeketi kitini. Uliza ni nani aliyeshika mwavuli.

Nakala ya picha yetu sasa iko ukutani sebuleni, nayo tumeitundika chini, usawa wa macho ya mtoto aliyeketi. Nyuma ya ile ya asili mna majina kumi na moja na nafasi tatu tupu: ya yule Mzungu, ya mwanamke mwenye buibui aliyegeuza uso, na ya mtoto aliyekatwa ukingoni. Mama jicho lake bado linaona, alhamdulillahi. Ikiwa nyumbani kwako yuko mzee aliyekuwa Wete miaka ile, mlete baada ya sala ya Isha siku yoyote. Kahawa itakuwa tayari.